Mwamba ufungwe vipi: nusu kilo, miezi mitatu, au moja kwa moja?

Kamati ya wavuvi ya shehia yetu, huku kusini mwa Pemba, imekaa vikao vitatu kuhusu pweza na bado haijaelewana. Kwamba pweza wamekuwa wadogo, hilo halibishaniwi na yeyote. Ubishi uko kwenye dawa. Mzee mmoja anataka iwekwe sheria ya uzito. Akina mama wawili wanataka mwamba ufungwe miezi mitatu, kama walivyotangulia kufanya Kisiwa Panza, hukuhuku Pemba, kwa kusaidiwa na Mwambao, shirika linalofanya kazi na vijiji vya pwani. Kijana aliyerudi juzi kutoka Unguja anataka kipande kifungwe moja kwa moja, kisifunguliwe tena, kama kisiwa cha Chumbe. Mimi ndiye mwandika mihtasari, kwa hiyo nimeyasikia yote, mengine mara nne. Nimeona niyapange hapa yatazamane, maana naamini si shehia yetu peke yake inayolala na swali hili.

Kwanza tumjue mwenyewe. Pweza wa mwamba anayeuzwa sana huku, yule anayetoka mchana, kwa jina la kitaalamu Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja na kidogo tu. Jike hutaga mara moja maishani. Akishataga hujifungia tunduni, huziba mlango kwa mawe, huacha kula, hukaa akiyapepea mayai maji mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Mayai ni mengi, makumi ya maelfu mpaka malaki, na kila moja ni dogo kuliko punje ya mchele. Vinavyoanguliwa haviwezi kutambaa. Ni viluwiluwi vinavyoelea, na maji huvibeba kwa wiki kadhaa kabla havijatua mwambani na kuwa pweza wa kuonekana.

Hizo wiki kadhaa za kuelea ndizo zinazoamua mengi katika ubishi wetu, ingawa katika vikao vyote vitatu hakuna aliyezitaja.

Nusu kilo

Nianze na jepesi. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na hata huku kwetu ikitajwa sheria ya pweza watu hukimbilia nusu kilo hiyohiyo. Uzuri wake ni kwamba haimfungii mtu pwani. Kila mwenye mchokoo, yaani chuma cha kumtolea pweza tunduni, anaendelea kushuka bamvua likifika, zile siku maji yanapokupwa sana, ila awaache wadogo.

Nilimwuliza shangazi yangu, aliyeanza kuchokoa pweza kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa amekaa barazani na beseni mbele yake, pweza saba ndani, wawili wao hata robo kilo sidhani kama walifika.

"Shangazi, hawa wadogo si ungeliwaacha?"

"Ningeliwaachaje, mwanangu? Pwani huoni pweza, waona tundu. Ukimpelekea chuma akatoka ndipo umjue mdogo au mkubwa. Naye keshatoboka. Nimrudishe akafufuke?"

Baadaye alikiri kwamba mjuzi huweza kukisia. Tundu lenye maganda makubwa ya kaa mlangoni halikaliwi na mtoto. Lakini kukisia si kupima, na mtu aliyekwenda pwani kwa ajili ya unga wa jioni hakisii kwa hasara yake. Kwa hiyo sheria ya uzito haishikiki mwambani. Inashikika kwenye mizani: mchuuzi akikataa kununua mdogo, mchokoo nao utajifunza. Wachuuzi wakiwa wawili, mmoja anakataa na mwingine anapokea, mmeshaandika sheria ya kumtajirisha yule wa pili.

Kuna na kasoro ya ndani zaidi. Wataalamu waliopima pweza hawahawa kusini magharibi mwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, walikuta kwamba nusu ya majike huwa wamepevuka wakifika kama kilo 2.2, na madume kwenye gramu 640 hivi. Basi jike wa nusu kilo bado mtoto kabisa. Sheria inamtaka mvuvi asubiri mtoto awe mtoto mkubwa kidogo. Siikatai, kwa sababu hata kutoka robo kwenda nusu kilo kuna pesa, na pweza hukua haraka. Lakini anayeitegemea ilinde mbegu amekosea dawa.

Miezi mitatu

Hii ndiyo inayopendwa, na inapendwa kwa sababu inaonekana kwa macho. Unachukua kipande cha mwamba, unaweka maboya au vijiti vya alama, hakuna kushika pweza hapo miezi miwili au mitatu, kisha mnafungua siku moja wote. Sehemu nyingine za pwani zinabaki wazi, kwa hiyo chungu hakiinjikwi maji matupu. Kwa mtindo wa siku hizi mwanzo wake ni Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, 2004. Huku kwetu umefika Pemba, na Unguja umefika Kizimkazi.

Madagaska walikaa wakahesabu. Ufungaji 36 ulifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa 2015: mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotolewa kwenye sehemu zilizofungwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Namba hiyo ndiyo inayosomwa kwenye semina. Utafiti huohuo una namba ya pili ambayo haisomwi kwa sauti kubwa: kwa mvuvi mmoja kwa siku, ongezeko lilikuwa karibu asilimia 90. Ziwekeni hizo mbili pamoja. Mapato ya mtu mmoja yamekaribia kuwa maradufu, si haba hata kidogo. Ila pengo la kutoka 90 mpaka 700 limejazwa zaidi na miguu ya watu. Mwamba ukifunguliwa, watu humiminika.

Nimeuona mmiminiko huo. Shehia ya jirani walinialika siku ya kufungua, baada ya miezi mitatu ya kufunga. Asubuhi pwani ilikuwa na umati kama wa mchezo wa ng'ombe. Akina mama kanga zimekazwa viunoni, michokoo begani, wanasubiri maji yatoke. Nao hawakuwa na la kufanya ila kusubiri, kwa sababu mtu wa miguu hafiki ukingo wa mwamba mpaka ukauke. Vijana wenye miwani ya kuzamia hawakusubiri. Waliingia maji yakiwa bado ya kifuani, na wengine hawakuwa wa shehia ile, walikuja na mashua kutoka dago, kambi ya wavuvi wa kuhamahama. Mwamba ulipokauka, matundu ya karibu yalikwishapekuliwa. Nakumbuka mama mmoja amesimama na pweza wake mmoja ananing'inia mkononi, akasema bila hata hasira, "Tulifunga wote, wakafungua wao."

Basi ukiilinganisha njia hii na ile ya uzito, hii inazaa zaidi na inasimamika kwa wepesi zaidi, kwa sababu mtu akiwa ndani ya alama ni mwizi hata kama hajashika kitu, huna haja ya mizani. Lakini inagawa vibaya usipoigawa mwenyewe. Na ina tarehe zake za fitina. Kamati yoyote ya huku itataka kufungua kabla ya Idi, watoto wapate nguo. Ni haki. Ila Ramadhani husogea siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na pweza hana kalenda ya mwandamo. Mwaka huu Idi ikiangukia wakati ambao pweza wengi wamekua, mtashangilia. Baada ya miaka michache mtakuwa mnafungua mwamba wenye watoto watupu.

Jambo lingine linalosemwa sana ni kwamba kufunga kwa muda kunaongeza kizazi. Hapo mimi nasitasita. Miezi mitatu inatosha pweza mdogo awe wa kuuzika. Kwa jike kupevuka, kutaga, kuatamia na kuangua ndani ya muda huohuo, mnategemea bahati. Wengine kati ya wale wakubwa wa siku ya kufungua, wale tunaopiga nao picha, ni majike waliobakiwa na muda mfupi tu watage. Kufunga kwa muda ni kibubu: unaweka, unavunja, unatumia. Sikidharau kibubu. Lakini kibubu hakizai.

Moja kwa moja

Kijana wetu wa Unguja anazungumza kwa mfano wa kweli. Mwamba wa magharibi ya kisiwa cha Chumbe haujavuliwa tangu 1994, na kwetu Pemba, Misali ilitangazwa hifadhi 1998 ikiwa na eneo lake lisiloguswa. Jike akijifungia tunduni sehemu kama hiyo, hakuna chuma kitakachomfuata. Ataatamia mpaka mwisho.

Gharama ndiyo inayozitenganisha. Chumbe ina wageni wanaolala pale, na pesa ya wageni inalipa walinzi. Shehia isiyo na hoteli italipa kwa nini? Kwa zamu za vijana wasio na posho, na boti ya kamati ambayo mara nyingi haina mafuta. Eneo la kudumu lisilolindwa ni ghala la mwizi, kwa sababu ninyi waadilifu mmemwachia pweza wakubwa wote peke yake.

Tuseme basi ulinzi upo. Linabaki swali ambalo mzee wa kamati aliliuliza kwa dhihaka, na mimi nikaliandika kwa uzito: "Hayo mayai yetu yakishaanguliwa, yatakuwa pweza wa nani?"

Swali hilo ndilo la wanavinasaba, wataalamu wanaosoma alama za urithi ambazo mtoto hupewa na wazazi wake.

Damu ya pweza inavyosomwa

Kazi yenyewe si ya miujiza. Pweza akiwa dikoni, pale wavuvi wanaposhushia na kuuza, mtafiti hukata ncha ya mkono mmoja, kipande kama ukucha, hukitia kwenye spiriti na kuandika kimetoka wapi. Maabara husoma sehemu fupi ya DNA inayorithiwa kwa mama, kisha herufi zake hulinganishwa, pweza wa pwani hii na pweza wa pwani ile. Utafiti mmoja uliochapishwa 2019 ulisoma pweza 275 wa Kenya, Tanzania na Madagaska kwa njia hiyo.

Matokeo mawili ya utafiti huo yanatuhusu. La kwanza, hicho tunachokiita "pweza" na kukitia beseni moja ni zaidi ya aina moja, na nyingine zinafanana kiasi kwamba jicho halizitenganishi, DNA ndiyo inayozitenganisha. Uzito wa kupevuka wa aina moja hauwi lazima uzito wa nyingine, na hiyo ni pigo jingine kwa sheria ya nusu kilo. La pili, hata ndani ya aina yetu hii kubwa, pweza wa Bahari ya Hindi ya magharibi si bwawa moja lililochanganyika. Mawasiliano kati ya sehemu na sehemu yana mipaka.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu majibu ya vinasaba hayana uzito sawa. Wakikuta tofauti kati ya pwani mbili, shika neno: viluwiluwi vinavyovuka ni vichache mno, kila pwani ijitegemee. Wakikuta kufanana, usiseme haraka kwamba jirani atatulisha. Chukua mfano wa ndoa. Ikiwa katika kila kizazi anaolewa binti mmoja tu kutoka Tumbatu akaletwa kijijini kwetu, baada ya vizazi kadhaa itakuwa tabu kumpata mtu asiye na bibi wa Kitumbatu. Mpimaji atasema damu moja, na atakuwa amesema kweli. Lakini kijiji hakikujazwa na Watumbatu. Kimejazwa na waliozaliwa hapahapa. Na pweza vivyo hivyo: wachache tu wanaovuka kila kizazi wanatosha kuchanganya damu, hawatoshi kujaza beseni la shangazi.

Tazameni na chini ya maji. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara. Kati yake na Bagamoyo hakuna kina cha mita 100. Pemba ni habari nyingine. Mkondo ulio kati yetu na Tanga unashuka mpaka kama mita 800, na pweza wa mwamba ni mnyama wa maji mafupi. Mkubwa havuki huko kwa kutambaa. Kinachovuka ni kiluwiluwi, nacho huenda maji yanakokwenda. Mkondo mkuu wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, kusi ikiukimbiza na kaskazi ikiupunguza. Kwa hiyo sehemu ya mayai ya Pemba huenda ikaishia Kenya, na sehemu ya pweza wetu huenda wazazi wao walikufa Unguja au Mafia. Baadhi hubaki, kwa sababu nyuma ya miamba maji huzunguka na kurudi. Lakini mzee wetu hakukosea kuuliza.

Sasa rudisheni hili kwenye ulinganisho. Sheria ya uzito na kufunga kwa muda hazisubiri jibu la vinasaba, kwa sababu faida yake ni kukua, na pweza aliyekwisha kutua mwambani hahami kwenda Mombasa. Ukimngojea, utamla wewe. Eneo la kudumu, kwa upande wa pweza, faida yake kubwa ni mbegu, na mbegu inasafiri. Shehia moja ikifunga moja kwa moja peke yake, inaweza kuwa inampandia mwingine shamba. Zikifunga shehia kumi zilizofuatana na mkondo, kila moja kipande kidogo, kila mmoja anampandia wa mbele naye anapandiwa na wa nyuma.

Na msimu mmoja kwa wote?

Ipo njia ya nne ambayo kamati yetu haikuitaja, pengine kwa sababu si yetu kuiamua. Rodrigues, kisiwa cha Mauritius, tangu 2012 hufunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima kwa miezi kadhaa ya mwaka. Madagaska nao waliweka msimu wa kufunga wa kitaifa. Ubora wake ni kwamba unamaliza habari ya dago: hakuna mwamba wa jirani wa kukimbilia, na hakuna wa kuja kukuvunjia kibubu. Na kama viluwiluwi vinasafiri kati ya shehia na shehia, kufunga pamoja kunaendana na maji yenyewe kuliko mipaka ya sheha.

Ubaya wake unampata shangazi moja kwa moja. Kipande kikifungwa, anahamia kipande kingine. Kisiwa kizima kikifungwa, anahamia wapi? Mwani haulipi hivyo, na chaza hawatoshi. Serikali inayofunga kisiwa kizima lazima iwe na la kumpa mtu wa miguu kwa miezi hiyo. Bila hilo, mimi siiungi mkono, hata kama vinasaba vinaipenda.

Ningechagua nini

Kwa shehia yenye mwamba wake, isiyo na hoteli, na yenye kamati inayosikilizwa, ningeanza na miezi mitatu. Shehia inayogombana na majirani kila bamvua isianze hapo. Ianze na kikao cha majirani, la sivyo inawafugia watu wa dago. Palipo na mchuuzi mmoja tu na ni mwelewa, nusu kilo iongezwe, haina gharama. Na palipo na pesa ya wageni, sehemu ya kudumu ifikiriwe mapema, siyo mwisho.

Kwetu nimependekeza mchanganyiko, na hapa nakiri kwamba mwandika mihtasari amevuka mpaka wake. Kifungwe kipande cha kusini miezi mitatu. Siku ya kufungua, theluthi ya ndani, ile yenye mawe makubwa ambako majike hupenda kujichimbia, isifunguliwe. Ibaki hivyo mwaka mzima tuone. Iko mbele ya nyumba za watu, kwa hiyo walinzi ni macho ya wenyeji na hayahitaji mafuta. Shehia mbili za jirani zimeambiwa, moja imekubali kuacha theluthi yake nayo.

Juu ya ugawaji, shangazi ndiye aliyetoa neno nikaliandika kama lilivyo: kufungua kuwe bamvua kubwa, siku ambayo maji yanakauka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kwa sababu wakati wa maji mafu mwamba hautoki na mtu wa miguu hana chake. Wenye michokoo waingie kwanza. Wenye miwani wasubiri maji yaanze kujaa.

Vijana wawili walipinga. Sheha ameahirisha mpaka Ijumaa, baada ya sala.